Namna ya kuwafundisha mabinti hotuba ya Barbara Jordan kwa Kiswahili

Kabla hujamwita mtoto yeyote, tafuta kwanza vifaa: saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, karatasi nne za manila, kalamu za rangi mbili, maharage meusi 20 na meupe 80, mabakuli matano, kamba ya mita sita, na daftari la mistari kwa kila binti. Halafu chapisha hotuba aliyoitoa Barbara Jordan, mwanasheria mweusi aliyekuwa mbunge kutoka Texas, jioni ya tarehe 25 Julai 1974 mbele ya Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, kamati hiyo ilipokuwa ikijadili kumshtaki Rais Nixon. Maandishi yake yako mtandaoni bure, na sauti yake pia ipo. Ukiwa na vitu hivyo na Jumamosi sita, unaweza kumfikisha binti wa miaka 13 mahali pa kusimama mbele ya wazazi wake akaieleza katiba kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, mikono mitupu.

Kazi hii nimeifanya mara tatu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nilifundisha Kiswahili sekondari huko Korogwe kwa miaka tisa, na sasa naishi Houston, Texas, ambako nafanya ukalimani hospitalini na mahakamani. Wengi wa mabinti ninaowafundisha, wazazi wao ni Wakongo waliokaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Barbara Jordan alizaliwa katika mji huu huu tunaoishi, tarehe 21 Februari 1936, katika mtaa wa Fifth Ward. Watoto wetu wanaliona jina lake kwenye jengo la shule, wanapita. Hilo ndilo lililonifanya nianze.

Usianze na tarehe

Mara ya kwanza nilikosea. Niliandika ubaoni maisha yake yote, mwaka baada ya mwaka, na nilipofika 1966 mabinti walikuwa wanatazama dirishani. Sasa naanza na sauti. Zima taa, waambie wafumbe macho, wasikilize dakika mbili za mwanzo. Usiwaulize amesema nini. Waulize amenyamaza wapi. Kisha wape maandishi, rudia sauti ile ile, kila mmoja apige mstari mahali anaposikia kimya.

Mistari itakuwa mingi, na watashangaa. Jordan alikuwa na sauti nzito na hakuwa na haraka. Kila neno alilifikisha mwisho wake ndipo akalishika linalofuata, kama fundi anayesubiri tofali likae. Wabaptisti wa kanisa la Good Hope walimlea hivyo, na baba yake alikuwa mhubiri. Siku za Jumapili alikuwa na babu yake mzaa mama, John Ed Patten, aliyekuwa akinunua na kuuza vyuma chakavu, matambara na magazeti ya zamani, akimsaidia kupanga mizigo na kumsikiliza. Shuleni Phillis Wheatley akamsikia Edith Sampson, mwanasheria mweusi aliyetoka Chicago kuja kuzungumza na wanafunzi, na tangu siku hiyo akawa anasema atakuwa mwanasheria.

Hapa kuna hatari, nami naomba uizingatie. Mabinti watakwambia, “Alizaliwa na sauti.” Ukiwaacha na neno hilo, wale wenye sauti nyembamba watarudi nyumbani wakiamini mambo haya si yao. Kwa hiyo siku hiyo hiyo, kabla hawajavaa makoti, wasimulie habari za Boston.

Alisoma Texas Southern University, chuo ambacho jimbo la Texas lilikianzisha 1947 ili Mweusi asiingie chuo cha wazungu. Mwalimu wake wa midahalo alikuwa Thomas Freeman, na mwaka 1956 timu yao ilitoka sare na timu ya Harvard. Binti huyu aliyetoka sare na Harvard alifika Chuo Kikuu cha Boston kusomea sheria akagundua kuwa ufasaha haumtoshi. Wenzake walikuwa wamezoea kuvunja hoja vipande vipande. Yeye alikuwa amezoea kuzipamba. Baadaye alieleza kwamba alilazimika kufidia miaka 16 ya kujifunza kufikiri. Akajifungia na vitabu, akasoma usiku, akahitimu 1959. Mimi nasimamia hapo: kilichofanya kazi mwaka 1974 ni kusoma. Sauti ilikuwa gari, mzigo ulikuwa mwingine. Kila zoezi linalofuata limejengwa juu ya hilo.

Maharage

Jumamosi ya pili ni ya hesabu, na ndiyo mabinti huisimulia nyumbani.

Wasimulie kwanza kwamba Jordan alirudi Houston akafungua ofisi ya sheria kwenye meza ya kulia chakula ya wazazi wake. Mwaka 1960 akafanya kazi katika kampeni ya urais ya Kennedy na Johnson, akipanga watu wa kupita nyumba kwa nyumba, kila kipande cha mtaa na mtu wake. Mwaka 1962 akagombea Bunge la Texas, akashindwa. Mwaka 1964 akagombea tena, akashindwa tena. Waulize: je, kosa lilikuwa la kwake? Wengi watasema ndiyo, labda hakujiandaa. Usiwajibu.

Mwaga maharage yote 100 kwenye sinia moja. Waambie hii ni kaunti ya Harris, na viti vya ubunge ni vitano, lakini kila kiti kinapigiwa kura na sinia zima. (Hesabu hizi ni za zoezi tu, ila mtindo wa kaunti nzima kupigia kila kiti ndio uliokuwapo.) Kwa zoezi hili harage jeusi linampigia mgombea mweusi na jeupe linampigia mweupe. Kiti cha kwanza: 20 kwa 80. Cha pili: 20 kwa 80. Waache wafike cha tano wenyewe bila kuwakatisha, maana uchovu wa kurudia ndio somo. Kisha chukua maharage matano meusi uyaweke mfukoni. Eleza kwamba hadi 1966 mtu wa Texas alilipa kodi ili apige kura, dola 1.50, na kaunti iliweza kuongeza senti 25. Aliyekuwa na watoto wa kulisha aliiacha. Na kodi hiyo haikuchagua rangi, kwa hiyo toa na meupe machache, ya wazungu maskini. Binti mmoja aliwahi kuniambia, “Mwalimu, sasa hata ukiwa na sauti ya malaika.” Sikuwa na la kuongeza.

Sasa rudisha maharage yote na ugawe kwenye mabakuli matano, kila moja 20. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba viti vya mabunge ya majimbo vigawanywe kwa kufuata idadi ya watu, na Texas ikalazimika kuchora mipaka upya. Bakuli moja liwe na meusi 9 na meupe 11. Waulize: atashinda hapa? Wanahesabu, wanasema hapana. Ndipo uulize: nani ataenda kuzungumza na maharage mawili meupe?

Hapo pana thamani kuliko zoezi lote. Mwaka 1966 Jordan aligombea Seneti ya Texas katika eneo la 11, eneo ambalo halikuwa la watu weusi watupu. Walikuwamo wafanyakazi wa viwandani wazungu, walikuwamo Wamarekani wenye asili ya Mexico. Aliwaendea, akashinda kwa kura nyingi, akawa Mweusi wa kwanza kuketi katika Seneti hiyo tangu 1883, na mwanamke mweusi wa kwanza kabisa. Maseneta walikuwa 31. Mipaka mipya ilimfungulia mlango, lakini kuingia aliingia kwa miguu yake. Mabinti wayashike yote mawili: atakayebaki na la kwanza atalaumu mipaka maisha yake yote, na atakayebaki na la pili atawadharau walioshindwa.

Weka yale maharage mawili meupe kwenye kikombe juu ya meza. Utayahitaji siku ya mwisho.

Sisi nani?

Jumamosi ya tatu nendeni polepole. Hotuba inaanza na maneno ya kwanza ya Katiba ya Marekani, “We the people”, na kazi ya kwanza ni kuyaweka katika Kiswahili. Je, ni “Sisi watu” au “Sisi wananchi”?

Waache wagombane. Mimi huwasomea utangulizi wa Katiba ya Tanzania ya 1977: “Kwa kuwa sisi Wananchi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania tumeamua rasmi na kwa dhati…” Kisha nawaonyesha maneno ya Jordan. Alisema kwamba waraka ule ulipokamilika tarehe 17 Septemba 1787, yeye hakuwamo ndani ya “sisi” hiyo. Alisema kwa miaka mingi alihisi kwamba George Washington na Alexander Hamilton walimsahau kwa bahati mbaya tu. Halafu akasema kwamba kwa njia ya marekebisho ya katiba, ufafanuzi na hukumu za mahakama, hatimaye ameingizwa.

Ukitafsiri “watu”, sentensi hii inateleza. Mtumwa wa 1787 alikuwa mtu, hata waliomnunua walijua. Ukitafsiri “wananchi”, kidonda kinaonekana, kwa sababu neno letu lina mwana na lina nchi ndani yake: mtoto wa nchi. Mtu anazaliwa juu ya ardhi, analima ardhi, anazikwa ndani ya ardhi, na bado anaambiwa si mtoto wake. Mimi nimechagua “Sisi wananchi”. Wewe unaweza kuchagua lingine, ila usichague kabla mabinti hawajapimana nguvu.

Mwaka jana, katikati ya mabishano hayo, binti mmoja aliyezaliwa Nyarugusu aliuliza, “Basi mimi ni mwananchi wa wapi?” Chumba kizima kilinyamaza. Ikikutokea, usikimbilie jibu. Niliandika swali lake kwa kalamu nyekundu kwenye manila, nikalibandika ukutani, likabaki pale Jumamosi zote zilizosalia.

Halafu weka kamba sakafuni, duara. Ndani ya duara ni “sisi” ya 1787. Binti mmoja asimame nje, yeye ndiye Barbara. Wengine kila mmoja abebe karatasi yenye mwaka na maneno machache, waje kwa zamu, na kila karatasi inapofika, Barbara apige hatua moja: 1865, utumwa unakomeshwa. 1868, aliyezaliwa nchini ni raia. 1870, rangi isimzuie mtu kupiga kura. 1920, wanawake wanapiga kura. 1944, Mahakama ya Juu inapiga marufuku uchaguzi wa awali wa wazungu peke yao huko Texas. Na hapa msimamishe kidogo anayebeba karatasi, kwa sababu aliyefungua kesi hiyo alikuwa Lonnie Smith, daktari wa meno wa hapa hapa Houston, na Jordan alikuwa na miaka 8. 1964, kodi ya kura inaondolewa katika uchaguzi wa taifa. 1965, sheria ya haki ya kupiga kura. 1966, kodi hiyo inafutwa na kwenye uchaguzi wa majimbo. Baada ya hapo Barbara avuke kamba. Miaka 179 kwa hatua nane. Hapo mabinti wataelewa kwa nini alipata haki ya kutamka sentensi inayofuata kwa uzito alioutamka: kwamba imani yake kwa Katiba ni nzima, imekamilika, haina upungufu, na hatakaa akawa mtazamaji tu huku ikipunguzwa, ikipinduliwa, ikiharibiwa.

Mshtaki si hakimu

Kabla ya kugusa sehemu ya kati ya hotuba, eleza kisa kwa ufupi, kisikule siku nzima. Tarehe 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate, Washington. Uchunguzi ukapanda ngazi hadi kwa Rais Richard Nixon. Jordan alikuwa amechaguliwa Baraza la Wawakilishi Novemba 1972, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka majimbo ya Kusini. (Shirley Chisholm wa New York alikwisha mtangulia tangu uchaguzi wa 1968, mtaje, anastahili Jumamosi sita zake.) Kwa hiyo 1974 alikuwa mgeni katika kamati yenye wajumbe 38, na mwenyekiti Peter Rodino alimpa kila mjumbe dakika 15 za kusema mbele ya kamera za televisheni.

Sasa neno gumu kuliko yote. Watoto wanaosoma shule za huku wanadhani neno la Kiingereza linalotumika hapo, “impeachment”, lina maana ya kumfukuza rais. Kiswahili kinawasaidia. Ibara ya 46A ya Katiba ya Tanzania, inayohusu mamlaka ya Bunge, inatumia maneno “kumshtaki Rais”. Kushtaki. Mimi ninayekaa mahakamani kila wiki najua, na mtoto yeyote aliyewahi kupeleka kesi kwa mama yake anajua, kwamba mshtaki si hakimu. Ndicho Jordan alichotumia dakika zake za kwanza kukieleza: Baraza la Wawakilishi linashtaki, Seneti inahukumu, na waliotunga katiba walikuwa werevu kwa kutowafanya mshtaki na hakimu mtu mmoja. Tumia “kumshtaki” kwa la kwanza na “kumwondoa madarakani” kwa la pili, na usiyachanganye hata mara moja.

Kuna na pale anaposema kwamba leo yeye ni “inquisitor”, yaani amekuja kuuliza na kuchimbua kwa niaba ya taifa. Mabinti wametaja mpelelezi, mdadisi, mhoji. Nimebaki na “mchunguzi”, kwa sababu mpelelezi hujificha na mdadisi hana mamlaka, lakini mchunguzi amepewa kazi na lazima ajibiwe.

Mifupa

Pachika manila mbili ukutani, pembeni kwa pembeni. Ya kushoto iandike SHERIA INASEMA, ya kulia iandike RAIS ALIFANYA. Sehemu ya pili ya hotuba imesimama juu ya nguzo hizo mbili. Anamnukuu James Madison, mmoja wa waliotunga Katiba, katika mkutano wa Virginia wa kuidhinisha Katiba hiyo: rais akiwa na uhusiano wa kutiliwa shaka na mtu yeyote, na pakiwa na sababu za kuamini kwamba atamkinga, anaweza kushtakiwa. Kushoto. Kisha anasema ushahidi umeonyesha fedha zililipwa kwa washtakiwa wa Watergate, na Rais alijua. Kulia. Kigezo ni kile kile cha Madison. Kushoto. Kisha: Rais alikutana mara 27 na afisa wa Wizara ya Sheria aliyekuwa akisimamia uchunguzi, halafu mara baada ya hapo akakutana na watu wale wale waliokuwa wakichunguzwa. Kulia.

Kila binti asome jozi moja kwa sauti, mmoja asimame kushoto, mwenzake kulia. Usiwaruhusu waongeze neno la hasira. Watataka. Watasema “mwongo”, “mwizi”. Waambie watafute neno “mwizi” la kumwita Rais katika hotuba nzima. Hawataliona. Waambie watafute mahali anaposema atapiga kura gani. Hawatapaona pia. Alimaliza kwa kusema kwamba akili ndiyo iongoze maamuzi, wala si jazba, akarudisha muda wake kwa mwenyekiti. Mkali kuliko yote aliyosema ni kwamba kama kifungu cha kumshtaki rais hakiwezi kuyafikia makosa haya, basi labda katiba hiyo ya karne ya 18 itupwe kwenye mashine ya kuchania karatasi ya karne ya 20. Na hata hilo linaanza na “kama”.

Siku mbili baadaye kamati ilipitisha shtaka la kwanza kwa kura 27 dhidi ya 11, naye akiwa miongoni mwa 27. Tarehe 9 Agosti Nixon alikuwa amejiuzulu. Huku Houston mtu alilipia mabango barabarani ya kumshukuru Barbara Jordan kwa kuwaeleza watu Katiba. Walimshukuru kwa kuwaeleza. Binti yangu mkubwa ndiye aliyeliona hilo, na tangu hapo nalisema kila mwaka.

Kwa mkono

Jumamosi ya nne na ya tano kuna kazi moja tu: kunakili. Kila binti aandike kwa mkono kurasa mbili za tafsiri mliyoitengeneza pamoja, herufi kwa herufi, bila simu. Wataona ni adhabu. Endelea nayo. Mkono unaponakili, akili inaona kwa nini neno hili limekuja kabla ya lile. Baada ya kunakili wasome huku saa inakwenda. Atakayemaliza ukurasa kabla ya dakika mbili amekimbia, arudie.

Usiku wa wiki ya tano mama mmoja wa Bukavu alinipigia simu akiwa na wasiwasi: “Mama mwalimu, huyu mutoto anasemaga peke yake usiku.” Nikamuuliza anasema nini. Akasikiliza mlangoni, akanijibu, “Anasema, mshtaki si hakimu.”

Aliyoyafanya na kura zake

Katikati ya kunakili, pumzisha mikono kwa kuwasimulia kazi zake zisizopigwa picha. Katika Seneti ya Texas alipigania kima cha chini cha mshahara, kiwafikie na wale waliosahauliwa na sheria ya taifa, wakiwamo wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Mama yangu mdogo alifanya kazi za ndani Dar es Salaam miaka mingi, kwa hiyo hapo huwa nakawia.

Mwaka 1975 alisimamia kupanuliwa kwa sheria ya haki ya kupiga kura ili iwafikie wasiojua Kiingereza vizuri: wenye asili ya Kihispania, Waasia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska. Ndiyo sababu leo kaunti ya Harris inachapa karatasi za kura kwa Kihispania, Kivietnam na Kichina pia. Kiswahili hakimo. Lakini sheria hiyo hiyo iliongezewa kifungu mwaka 1982: mpiga kura asiyeweza kusoma au kuandika, au mwenye ulemavu, anaweza kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, ila asiwe mwajiri wake wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Waambie mabinti wawaambie mama zao waliokwisha pata uraia.

Na usiwafiche jambo gumu. Miaka yake ya mwisho aliongoza tume ya taifa ya kurekebisha sheria za uhamiaji, na tume hiyo ilipendekeza idadi ya wahamiaji halali ipunguzwe. Watoto wa wakimbizi wana haki ya kulijua hilo na kukasirika. Lakini wape na nusu ya pili: mwaka 1995 walipotokea waliotaka watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wasio na vibali wanyimwe uraia, Jordan alikwenda mbele ya wabunge kupinga. Alirudi kwenye ile karatasi ya 1868. Binti wa Nyarugusu alilisikia hilo, akatazama swali lake ukutani, akasema, “Mdogo wangu amezaliwa Houston.” Hakusema zaidi.

Mengine yapitie haraka. Ugonjwa unaoshambulia neva uligunduliwa 1973 na aliufanya siri yake. Julai 1976 alifungua mkutano mkuu wa chama chake New York kwa hotuba kuu, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo. Aliondoka bungeni Januari 1979, akafundisha Chuo Kikuu cha Texas huko Austin hadi mwisho, akahutubia tena mkutano mkuu 1992 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akafariki tarehe 17 Januari 1996 akiwa na miaka 59. Kaburi lake liko katika makaburi ya jimbo, Austin. Ukiwa na gari, wapeleke. Waambie wabebe madaftari.

Siku ya mwisho

Panga viti kama kamati, si kama darasa: meza ndefu mbele, mzazi mmoja awe mwenyekiti, na saa iwe mahali msemaji anapoiona. Kila binti ana dakika tano. Anachagua kifungu kimoja cha katiba yoyote anayoiita yake, ya Marekani, ya Kongo au ya Tanzania, anaanza na neno “Sisi”, anaeleza kifungu kinasema nini na watu wanafanya nini, kushoto na kulia. Karibu na mlango waketi wageni wawili wasiojua habari hizi kabisa, na mbele ya kila mmoja weka harage moja jeupe kutoka kile kikombe. Msemaji akimshawishi, mgeni ananyanyua harage lake.

Mwaka jana wa mwisho kusimama alikuwa yule aliyeuliza swali. Ana sauti ndogo, inabidi uegemee mbele umsikie. Alisoma kifungu cha 1868 kwa Kiingereza, akakitafsiri, akakaa kimya sekunde tatu kamili, nilizihesabu. Akaeleza. Harage la kwanza lilinyanyuka dakika ya tatu. La pili halikunyanyuka, na aliliona, lakini hakuharakisha. Alipomaliza alimtazama mzee wa Uvira aliyekuwa mwenyekiti, akasema, “Mheshimiwa Mwenyekiti, narudisha muda uliobaki.” Saa ilikuwa inaonyesha sekunde 40.